Deraya Chini ya Maji

St. Petersburg, 18 Novemba 1904

Kaka Prokhor,

Sijui barua hii itakukuta bandari gani. Magazeti yanasema kikosi chenu cha manowari kimeshapita Dakar, na Mama amenituma nikuulize kama ni kweli kwamba huko jua linaweza kumuua hata mtu aliyevaa kofia. Nimemwambia hapana, lakini anataka kusikia kutoka kwako.

Nimepata kazi, na si ile ya posta tena. Sasa mimi ni karani wa Leonty Gavrilovich Zubarev, yule yule aliyeandika vitabu vitatu vya historia ya vita vya baharini ambavyo kila mwanafunzi wa unahodha lazima avisome. Siku ya usaili nilimwaga wino juu ya meza yake. Akautazama wino, kisha akanitazama mimi.

"Unaogopa nini, kijana?"

"Kila kitu, Mheshimiwa."

"Vizuri. Mwoga hasahau tarakimu."

Ana miaka sitini na miwili, anachechemea, na akinisomea imla hakai hata kidogo. Huzunguka meza huku akila matango ya chumvi aliyoyachovya kwenye asali. Anasema bahari si ukuta, ni barabara, na mwenye barabara ni yule anayeweza kuipita huku akimzuia mwenzake. Anasema taifa linaloficha manowari zake bandarini limeshashindwa, ila halijaambiwa bado. Namwandikia maneno kama haya kutwa nzima, na jioni nikitembea kurudi nyumbani najiona mrefu kidogo.

Kazi yangu hasa ni jedwali. Kila manowari, yetu na ya Wajapani, tunaipa namba moja inayobeba mizinga yake, unene wa deraya yake, yaani bamba za chuma za kuikinga, mwendo na umri. Vipimo navitoa kwenye kitabu rasmi cha wizara, nakokotoa, naye anapitia kwa penseli nyekundu. Jedwali lilitoka gazetini wiki iliyopita, na sasa hata kwa kinyozi watu wanalibishania. Ukichukua kikosi chenu ukaongeza na zile manowari kuukuu zilizobaki huku Baltiki, sisi tunapata 102. Wajapani wana 96. Kwa hiyo Leonty Gavrilovich anadai hizo kuukuu zitumwe upesi ziwafuate, na wizara imeanza kulegea.

Meli yako ina 14. Nilipoiandika niliipigia mstari chini, ingawa hairuhusiwi.

Kikohozi chako kimekwisha? Vaa soksi kavu.

Mdogo wako,
Venyamin


Nosy-Be, Madagaska, 30 Desemba 1904

Mdogo wangu Venya,

Mwambie Mama kofia haisaidii. Kinachosaidia ni kutozaliwa.

Tumetia nanga hapa siku tatu zilizopita, na jambo la kwanza tuliloambiwa ni kwamba ngome yetu ya Port Arthur imeanguka mikononi mwa Wajapani. Yaani wale tuliotumwa kwenda kuwaokoa hawapo tena. Sasa tumekaa. Maofisa wanasema tunasubiri zile manowari kuukuu za bwana wako. Kila ofisa anasema hivyo huku akitazama pembeni.

Maisha yetu ni makaa ya mawe. Tumeyajaza kwenye ujia, kwenye bafu, chini ya meza ya chakula, mpaka chumbani kwa kasisi. Klim, mchochea tanuri mmoja kutoka Vologda, anasema akifa wasihangaike kumzika, wamtupe tanurini tu, ameshakuwa bidhaa. Unakula makaa, unalala makaa, ukikohoa unatema makaa.

Na sasa nikwambie kitu ambacho hakimo gazetini. Meli imelala chini kwa uzito huo. Ule mkanda mnene wa deraya unaozunguka ubavu, ambao ndio kinga yetu, uko chini ya maji. Wote, Venya. Juzi niliteremshwa kwa kamba kuzibua bomba la maji machafu, nikaukanyaga kwa kidole gumba huku maji yakinifika magotini. Juu yake, pale ambapo kombora litapiga, ni bati jembamba.

Gazeti lenye jedwali limetufikia. Luteni alilibandika mlangoni mwa chumba cha chakula. Watu wakipita wanaligusa kama wanavyogusa sanamu ya mtakatifu. Nimewaambia, "Namba hizo kazichora mdogo wangu." Hawakuamini mpaka nikaapa kwa jina la Mama.

Sasa sikiliza. Kifua changu hakijapona. Daktari wetu ni mtu mwema. Ananiambia kuna meli itakayorudisha wagonjwa nyumbani mwanzoni mwa Machi, na jina langu ameshaliandika. Ninachotakiwa ni kutolifuta. Sitaki kuwa mwoga, lakini ujinga pia siutaki. Ukiniambia tuna nafasi, nitabaki na wenzangu. Ukiniambia hatuna, nitapanda meli ile nimeinamisha kichwa, nitaaibika, nitaishi.

Wewe umeziona namba kabla ya gazeti. Usinijibu kama karani. Nijibu kama mtoto wa mama yangu.

Kaka yako,
Prokhor


St. Petersburg, 28 Januari 1905

Mheshimiwa Leonty Gavrilovich,

Niwie radhi kukusumbua huko bandarini Libau wakati uko katika shughuli za kukiaga kikosi cha manowari kuukuu. Nisingethubutu kama jambo lenyewe lingeweza kusubiri.

Leo asubuhi nimepokea barua ya kaka yangu, fundi wa mitambo katika kikosi kilichoko Madagaska. Anasema kwa sababu ya makaa ya ziada mkanda wa deraya umezama wote. Mwanzoni nilidhani ni maneno ya mtu aliyechoka. Kisha nilifungua kitabu cha wizara, nikaona kwamba vipimo vyote tulivyotumia ni vya meli yenye mzigo wa kawaida. Hakuna meli hata moja ya kikosi iliyoondoka na mzigo wa kawaida.

Nimekokotoa upya. Nimeanza kwa kudhani aliyekosea ni mimi, kama kawaida yangu. Ukiondoa mkanda, na ukipunguza mwendo kwa ajili ya uzito, meli ya kaka yangu inapata 8 badala ya 14. Jumla yetu ya 102 inakuwa 67, hata tukizihesabu na hizo zinazoondoka Libau. Wajapani watapigana karibu na kwao na hawalazimiki kubeba makaa ya ziada. Yao inabaki 96.

Naomba maagizo mawili. Kwanza, kama nitayarishe marekebisho kwa ajili ya gazeti. Pili, nimjibu nini kaka yangu. Ameniuliza swali, na jibu langu likichelewa meli ya wagonjwa itaondoka bila yeye.

Mjini bado kuna askari kila kona tangu waandamanaji walipopigwa risasi tarehe tisa. Nimefunga madirisha ya ofisi kama ulivyoagiza.

Mtumishi wako,
Venyamin Lopatin


Libau, 30 Januari 1905

Venyamin Arsenyevich,

Hesabu zako ni sahihi. Nimezipitia mara tatu nikitafuta kosa lako, sikuliona. Habari ya makaa niliijua tangu Oktoba. Nahodha yeyote anaijua.

Nitakueleza mara moja tu, kwa sababu una akili na unastahili kuelezwa. Nilipokuwa luteni nilitumikia kwenye meli iliyokaa nangani miaka minne kwa sababu wizara iliogopa kuipoteza. Ilioza. Mwaka wa tano ilizama pale pale bandarini, siku ya utulivu, na watu kumi na mmoja ndani yake. Hakuna aliyeandika neno juu yao, kwa kuwa haikuwa vita. Hapo ndipo nilipoanza kusoma historia, na kila nilipoifungua nilikuta jambo lile lile: wanaojificha hufa pia, ila hufa bure.

Jedwali halikuandikwa kwa ajili ya adui. Liliandikwa kwa ajili ya wizara, na wizara haielewi lugha yoyote isipokuwa tarakimu. Bila jumla iliyozidi 96, meli ninazozitazama dirishani zingebaki hapa zikiota kutu, na kikosi cha kaka yako kingekwenda peke yake. Sasa angalau hakitakuwa peke yake. Hayo ndiyo niliyoweza kuyafanya kwa kalamu.

Hakutakuwa na marekebisho. Baharia anayeamini hulenga vizuri. Asiyeamini hata kupakia mzinga mikono inamtetemeka. Ukiwaambia namba ya kweli utakuwa umeipunguza zaidi.

Kuhusu kaka yako, mwandikie kama Mrusi anavyomwandikia askari aliyeko vitani. Kumbuka kwamba barua za kikosi hufunguliwa njiani. Kumbuka pia kwamba karatasi za ofisi yangu, pamoja na hesabu zilizomo kichwani mwa karani wangu, hazitoki bila saini yangu.

L. Zubarev


St. Petersburg, 1 Februari 1905

Kaka Prokhor,

Barua yako imefika. Mama amecheka kuhusu kofia, kisha akalia, kisha akapika vitumbua vya kabichi kana kwamba ungekuja kula.

Umeniuliza, nakujibu. Leonty Gavrilovich anaifahamu habari ya makaa na ameshaizingatia. Makaa yatapungua kadiri mtakavyokwenda, na meli itainuka. Kikosi cha pili kinaondoka Libau kesho, na mkiungana namba ni kama zilivyo gazetini. Nimezihakiki mwenyewe mara mbili.

Mimi siwezi kukuamulia, wewe ni mkubwa wangu. Lakini ukiniuliza kama mna nafasi, nafasi ipo.

Soksi kavu, kaka. Tafadhali.

Mdogo wako,
Venyamin


St. Petersburg, 9 Februari 1905
(haikutumwa)

Kaka Prokhor,

Usiamini barua ya tarehe mosi. Panda meli ya wagonjwa. Waache waseme watakalo, mimi nitakaa nawe Tver, mbali na mji huu, na nitampiga kila atakayekuita mwoga, ingawa unajua sijui kupiga mtu. Namba ya meli yako si 14. Niliikokotoa upya kwa mkono wangu na...

Leo wamekuja watu wawili wa polisi ofisini kuuliza nani huandikiana na kikosi. Nimesema ni mimi, kuhusu mambo ya nyumbani tu. Wakaomba kuona. Sikuwa na cha kuwaonyesha isipokuwa karatasi hii, nami nilikuwa nimeikalia.


Matsuyama, Japani, 20 Julai 1905

Mdogo wangu Venya,

Niko hai. Simama hapo hapo, nenda kamwambie Mama, kisha urudi usome.

Nimepoteza vidole viwili na sikio la kushoto halisikii. Wajapani waliotuteka wanatutendea kibinadamu. Tunapewa wali, chai isiyo na sukari, na kila Jumapili kasisi wetu anaruhusiwa kutusalisha. Walinzi wetu ni wazee wapole, mmoja amenifundisha kuhesabu mpaka ishirini, na akinikuta nimekaa peke yangu hunitania, "Hesabu, Prokoro, hesabu!"

Ya vita sitaandika mengi. Saa nane mchana walianza kutupiga, na kabla ya jioni meli yetu ilikuwa imepinduka. Maji yaliingia pale pale penye bati, juu ya mkanda. Mimi nilikuwa nimetumwa sitahani kubeba majeruhi, nikaopolewa majini. Waliokuwa kwenye matanuri walibaki kwenye matanuri.

Nataka kukwambia habari ya barua yako.

Niliipata tarehe mosi Machi, siku mbili kabla hatujang'oa nanga. Kuna jambo hulijui kwa sababu hujawahi kuishi chini ya sitaha. Kule chini barua si ya mtu mmoja. Wengi hawajui kusoma, na wengine hawana wa kuwaandikia, kwa hiyo barua ikija mwenye nayo anapanda juu ya ndoo na kuisoma yote, hata yale ya mke. Kuruka mstari ni kama kuiba mkate. Na yako ilikuwa barua ya mtu aliyechora lile jedwali la mlangoni. Walikuja mpaka wapishi.

Tulikuwa tisa tulioandikwa na daktari. Klim alikuwa mmoja wao. Alikuwa anakohoa damu. Nilipomaliza akasema, "Prosha, rudia pale pa kuhakiki."

Nikarudia: "Nimezihakiki mwenyewe mara mbili."

"Hiyo ni barua ya ndugu wa tumbo moja?"

"Tumbo moja."

"Basi mimi niende nyumbani kufanya nini? Kupalilia tope? Wenzangu warudi na nishani, mimi nirudi na chupa ya dawa? Mama atanicheka."

Wakacheka wote. Wakaenda kwa daktari mmoja baada ya mwingine kufuta majina yao, na mimi nikaenda nyuma yao kufuta langu. Daktari alinishika mkono akaniuliza, "Umewasomea nini hawa?" Nikamwambia, habari njema.

Kati ya tisa nimebaki mimi.

Sasa nakuuliza mara ya pili, kama mtoto wa mama yangu. Ulihakiki? Kama ulihakiki ukakosea, nimekusamehe kabla barua hii haijafika. Kama ulijua, usiniombe msamaha mimi. Mimi niko hai, nakula wali.

Nyuma ya karatasi hii nimeandika majina manane na vijiji vyao. Walikuwa wameshawaandikia mama zao kwamba wanarudi na meli ya wagonjwa. Mimi mwenyewe ndiye niliyewaandikia hizo barua. Wale mama walikwenda kuwangoja stesheni, Venya, na hakuna aliyewaambia kwa nini.

Kaka yako,
Prokhor


Oranienbaum, 16 Septemba 1905

Venyamin Arsenyevich,

Umeniomba ruhusa ya kuandika barua nane. Sikupi.

Unajua kwamba tume ya kuchunguza kushindwa kwa kikosi imeanza kukaa. Ukiwaandikia hao wazazi, kwa jina lako, kwamba jedwali lilijulikana kuwa si sahihi, barua moja kati ya hizo nane itafika mezani kwa tume kabla ya majani kudondoka. Mimi watanistaafisha, na ni kama nimeshastaafu. Wewe watakushtaki. Mwandiko wa jedwali ni wako. Aliyemwandikia baharia maneno ya uongo kuhusu kikosi ni wewe, na mimi sikukusomea imla. Karatasi pekee inayosema kwamba nilijua ni ile niliyokuandikia kutoka Libau, na naomba uirudishe.

Usidhani nakutisha. Naandika kitabu cha nne. Kitaeleza vita hivi tangu siku kikosi kilipotoka bandarini, na jedwali ndani yake litakuwa la kweli, na mkanda wa deraya utakuwa pale ulipokuwa, chini ya maji. Jeshi la majini la kesho litajifunza humo. Nataka ulikokotoe wewe, si mwingine, na jina lako litakuwa ukurasa wa kwanza, chini ya langu. Hiyo ndiyo namna mtu wa kalamu anavyowalipa waliokufa.

Mama hawahitaji namba. Wanahitaji kuamini kwamba wana wao hawakuweza kuokolewa.

Na kwa kuwa hutaridhika, nakwambia jambo ambalo halimo katika kitabu changu chochote. Siku ile meli ilipozama bandarini na wale kumi na mmoja, ofisa wa zamu nilikuwa mimi. Nilikuwa nchi kavu, kwenye chakula cha mchana. Sikumwandikia mama hata mmoja. Niliandika vitabu vitatu badala yake. Nakwambia hivi ili ujue kwamba inawezekana kuishi.

L. Zubarev


St. Petersburg, 20 Septemba 1905

Mama Ustinya Fyodorovna,

Hunijui. Jina langu ni Venyamin Arsenyevich Lopatin, nilikuwa karani katika ofisi moja hapa mjini. Atakayekusomea barua hii, awe shemasi au jirani, namwomba asome taratibu, na wewe ukitaka anyamaze, mwambie anyamaze.

Mwanao Klim alikuandikia kwamba anarudi nyumbani na meli ya wagonjwa. Hakukudanganya. Daktari alikuwa ameshaliandika jina lake. Alilifuta mwenyewe mwezi wa Machi, na nimekuandikia ili ujue alilifuta kwa sababu gani.

Kaka yangu alikuwa naye kwenye meli moja. Aliniuliza mimi kama kikosi kilikuwa na nafasi ya kushinda, kwa sababu kazi yangu ilikuwa kukokotoa nguvu za manowari, zetu na za adui. Wakati ananiuliza nilikuwa nimeshakokotoa. Nafasi haikuwepo. Nilijua hivyo siku nne kamili kabla ya kumjibu. Niliogopa kufukuzwa kazi, niliogopa barua kufunguliwa, na niliogopa kuonekana mtu asiyeipenda nchi yake. Nikaandika kwamba nafasi ipo na kwamba nimehakiki mwenyewe. Barua ile ilisomwa mbele ya watu wengi. Klim aliisikia, akaiamini, akaenda kufuta jina.

Wapo watakaokuambia kwamba alikufa kwa ujasiri, na ni kweli. Lakini alikuwa anakuja nyumbani, Mama, na aliyemgeuza njiani ni mimi. Kaka yangu anasema alikuwa mtani kuliko wote chini ya sitaha, na kwamba siku ile aliwachekesha wote waliokuwepo. Alikutaja wewe. Alisema akirudi na chupa ya dawa utamcheka.

Kuna bwana mmoja mkubwa aliyejua niliyoyajua. Aliniandikia barua moja ambayo ingeweza kunikinga, na leo asubuhi nimeirudisha kwake pamoja na ufunguo wa ofisi. Alichoandika yeye kitamhusu yeye. Barua niliyomwandikia kaka yangu hakuna aliyenishika mkono kuiandika.

Barua kama hii naandika nane. Nimeanza na yako kwa kuwa Klim ndiye aliyeomba sentensi yangu isomwe tena.

Sikuombi kitu. Ukitaka kuipeleka barua hii kwa hakimu, kwa kasisi au kwa mkuu wa wilaya, ipeleke, nimeisaini kwa jina langu lote kwa sababu hiyo. Nitakuwa hapa: mtaa wa Bahari Ndogo, nyumba namba 19, ghorofa ya nne, mlango wa uani. Sihami. Na kama wewe mwenyewe una neno la kuniambia, lolote lile, mwambie atakayekuandikia asilipunguze makali.

Venyamin Arsenyevich Lopatin